Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi na NTSA: Gari niliuza, kesi nimebaki nayo

Kwa:
Mheshimiwa Waziri,
Wizara ya Barabara na Uchukuzi, Nairobi

Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA), Nairobi

Nakala:
Mwenyekiti, Kamati ya Uchukuzi na Miundombinu, Bunge la Taifa

KUH: LESENI ZA WAUZA MAGARI, NA KESI ZINAZOWAANGUKIA WALIOKWISHA KUUZA

Mheshimiwa Waziri, Mkurugenzi Mkuu,

Pokeeni salamu za heshima kutoka Kongowea, Mombasa, ninakouza vitunguu na viazi kwa jumla. Nawaandikia hadharani kwa kuwa njia za faragha zimeniishia. Yadi ya kuuzia magari iliyochukua gari langu nimeiandikia, kwanza mwenyewe kisha kupitia wakili. Polisi nimekwenda, nikaambiwa hilo ni jambo la madai, niende kortini. Kortini nilikuwa nimeshafika, maana nimeshtakiwa. Yadi siitaji jina wala sitaitaja, kwa sababu kesi ingali inasikizwa na mwenye haki ya kuikata si mimi.

Siwaombi mnitetee katika kesi hiyo. Nawaomba mzibe tundu nililotumbukia, kwa sababu walio ndani yake ni wengi na wengine hawajajua kwamba wamo. Tundu lenyewe ni hili: sheria yetu inamtaka mwenye gari atoe taarifa kwamba ameuza, lakini utaratibu wa mtandaoni tunaoutumia unamngoja mnunuzi akubali kwanza. Mnunuzi asipokubali, kwenye rejista hakuna kilichouzwa.

Nitayapanga malalamiko yangu kwa nambari, ili atakayejibu ajue anajibu lipi.

1. Gari linaondoka, jina linabaki.

Nilikuwa na Probox ya kubebea mizigo. Ilipochoka niliipeleka yadi, wakaikagua, tukaelewana bei. Tuliandika makubaliano ya mauzo, kila mmoja akatia sahihi, nakala za vitambulisho zikabanwa nyuma, pesa zikaingia. Niliwakabidhi funguo zote mbili na logibuku, yaani hati ya usajili wa gari. Nilipouliza habari ya kubadilisha jina, jibu lilikuwa lile ambalo yeyote aliyewahi kuuza gari kwa yadi amelisikia: “Usijali, tukipata mteja tutahamisha moja kwa moja kwake.” Mimi nikaenda zangu sokoni.

Baadaye ikaja barua ya madai kutoka kwa wakili ambaye sikuwahi kumsikia. Gari lilikuwa limemgonga mwendeshaji wa boda boda huko barabarani Nairobi. Nyuma ya barua kulikuwa na ripoti ya daktari, abstrakti ya polisi (muhtasari wao wa ajali), na karatasi ya utafutaji katika rejista. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonikata maini. Ilikuwa na nambari ya gari, nambari ya chesisi, rangi, na kwenye nafasi ya mmiliki jina langu kamili pamoja na PIN yangu ya kodi. Dereva aliyetajwa kwenye abstrakti simjui. Gari lenyewe sijui lilipitia kwa mabroka wangapi kabla ya kumfikia.

Yule aliyeumia hana kosa, na wakili wake hana kosa. Alitafuta mwenye gari mahali ambapo serikali yenyewe imesema atafutwe.

2. Sheria inasema hivi, utaratibu unafanya vile.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 8, inasema mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake atachukuliwa kuwa ndiye mmiliki mpaka ithibitishwe vingine. Sina ugomvi na kifungu hicho. Bila hicho, kila mwenye gari akishtakiwa angesema “si langu” na majeruhi angezunguka miaka.

Lakini kifungu kinachofuata, cha 9, kiliwekwa ili kupima mizani. Kinasema gari likibadilisha mwenyewe lisitumike barabarani zaidi ya siku 14 kabla ya mmiliki mpya kusajiliwa. Kinasema pia kwamba mwenye gari aliyesajiliwa, akishauza, atoe taarifa ndani ya siku 7: jina na anwani ya mnunuzi, na kilomita zilizosomeka siku ya kukabidhi. Hakuna mahali kifungu kinaposema taarifa hiyo ingoje ridhaa ya mnunuzi. Ni wajibu wa muuzaji peke yake, na kwa hiyo ni kinga yake peke yake.

Sasa linganisheni na tunavyofanya kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Muuzaji anaanzisha uhamisho, anaingiza kitambulisho cha mnunuzi, kisha mnunuzi anatakiwa aingie katika akaunti yake, akubali na kulipa. Mnunuzi mwaminifu atafanya hivyo jioni ileile. Yule anayetaka kukaa na gari lenye jina la mtu mwingine, kwa ajili ya faini, kwa ajili ya ajali, au kwa ajili ya mambo mabaya zaidi, ataacha tu. Wajibu wangu wa siku 7 umefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake anao mtu mwingine, na akikataa kufungua ninayeonekana mkosaji ni mimi.

Napenda kulisema hili kwa uwazi kwa sababu huwa tunaambiwa wauzaji ni wazembe. Wapo wazembe, sikatai. Lakini hata asiye mzembe hana pa kushika.

3. “Nenda kortini, utashinda.”

Hili nimeambiwa na watu wa kila namna, na kwa maneno ya sheria ni kweli. Mwaka wa 2005 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Securicor Kenya dhidi ya Kyumba Holdings, ilikubali kwamba aliyesajiliwa anaweza kuthibitisha kuwa alikwisha kuuza gari kabla ya ajali, na logibuku si neno la mwisho. Majaji waliegemea pia uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Uganda wa namna hiyohiyo. Tena kuna kanuni ya zamani kwamba mwenye gari hubeba kosa la dereva ikiwa dereva alikuwa mtumishi wake au alikuwa akitumwa naye. Kumiliki gari pekee hakutoshi.

Nashukuru kwa hayo yote. Lakini angalieni yanatendeka vipi kwa mtu wa kawaida.

Kuthibitisha ni kazi yangu, si ya anayenishtaki. Kwa hiyo natafuta wakili, nalipa. Natafuta makubaliano yaleyale ya mauzo, na nikiwa niliyaweka kwenye sanduku lililoingia maji wakati wa mvua, nimekwisha. Namtafuta shahidi aliyekuwepo. Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22, inampa aliyeumia miaka 3 ya kushtaki, na hiyo ni haki yake; maana yake ni kwamba ajali inaweza kutokea leo nami nikaitwa wakati ile yadi imeshahama au imebadilisha jina.

Na madai yasiyozidi shilingi milioni 1 yanaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo kwa mujibu wa sheria ya 2016 inatakiwa kumaliza shauri ndani ya siku 60. Mahakama hiyo ni jambo zuri sana na imesaidia wengi, hata sisi wachuuzi tunaodaiana. Ila kwa mtu aliye katika hali yangu, siku 60 ni za kumsaka mwenye yadi, kumsaka mnunuzi wake, na kumsaka mnunuzi wa mnunuzi wake, hali ile taarifa ambayo ingemaliza mambo kwa karatasi moja haikuwahi kuwa na mahali pa kuandikwa.

Bima nayo mmeifikiria? Sheria ya bima ya thadi pati, Sura ya 405, inaitaka kampuni ya bima imlipe aliyeumia hadi shilingi milioni 3. Lakini mtu akiuza gari, anafuta bima yake. Atalipiaje gari asilokuwa nalo? Hivyo siku kesi inapomjia anakuwa hana kampuni nyuma yake wala gari mbele yake. Akishindwa, kinachouzwa ni shamba au vyombo vya dukani.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wazee. Nafikiri ndiyo sababu jibu la “utashinda” linatoka kwa wepesi namna ile.

4. Yadi ina leseni ya nini hasa?

Hapa ndipo ninapotaka mkae kidogo.

Dereva wa Kenya anafundishwa, anatahiniwa, anapewa leseni yenye madaraja, na leseni hiyo inaweza kusimamishwa. Mwalimu wake wa udereva na shule yake wana kanuni zao, zilizotungwa upya mwaka wa 2020. Mwenye matatu ana leseni ya barabara, na mkimnyima au mkimfutia ana pa kulalamika: Bodi ya Rufaa za Leseni za Uchukuzi, iliyoundwa na sheria ileile ya 2012 iliyoanzisha NTSA. Tumeona sako, yaani vyama vya wenye matatu, zikisimamishwa na kukimbilia huko. Mara nyingine wenye matatu wanashinda, mara nyingine mnashinda ninyi, lakini mlango upo na maamuzi yanaandikwa.

Mwenye yadi je? Ana kibali cha biashara cha kaunti, kama nilicho nacho mimi cha kuuza vitunguu. Ana, akitaka, leseni ya jumla ya muuzaji iliyomo katika Sheria ya Trafiki, ile inayompa namba za KD ili aweze kulitoa barabarani gari lisilosajiliwa. Hiyo ni leseni ya kuendesha gari lililo dukani. Haimuulizi pesa za mteja anaziweka wapi. Haimuulizi magari ya watu aliyopokea kwa mali kauli yako mangapi, wala logibuku zilizo kwenye droo yake ni za nani.

Na droo hiyo, waheshimiwa, ndiyo moyo wa biashara. Pita barabara ya Ngong au ya Kiambu kule Nairobi, au yadi zetu za hapa Mombasa: mengi ya magari yaliyokwisha kutumika humu nchini yamesimama pale yakiwa bado na majina ya wenyewe wa zamani. Mwenye yadi ana sababu zake, na nitamtendea haki nizitaje. Akilisajili gari kwa jina lake kwanza atalipia uhamisho, kisha mnunuzi atalipia tena. Pili, mnunuzi akiona kwenye rekodi kwamba gari limepita kwa wenyewe wengi, anashusha bei. Ni hesabu ya biashara, na mimi mfanyabiashara naielewa. Lakini matokeo yake ni kwamba yule aliye na gari, anayelitangaza na kulijaribisha, na atakayekula faida yake, ndiye pekee ambaye jina lake halionekani popote.

Likiuzwa kwa mtu wa pili kwa mkopo, au likikabidhiwa broka “akalionyeshe”, linazidi kwenda mbali. Mnunuzi wa mwisho naye ni mwathirika mara nyingi. Amelipa, ana gari, hana logibuku. Mwenye jina asili ama amekufa, ama yuko Saudia, ama yuko kama mimi, anashtakiwa na wala hajui gari liko wapi.

5. Dereva wa majaribio.

Hili nitalipitia haraka. Magari ya yadi huendeshwa na vijana wa kuyatoa bandarini na kuyapeleka bara, na huendeshwa na wateja wanaojaribu. Nani anakagua leseni zao? Mteja akija yadi na kusema “nataka kulisikia likipanda mlima”, anapewa ufunguo. Yadi iandike daftari: jina la dereva, nambari ya leseni, saa ya kutoka na saa ya kurudi. Kila hoteli ya chumba na chai ina daftari la wageni.

Najua majibu yatakayokuja, kwa hiyo niyatangulie.

Mtasema: muuzaji akiruhusiwa kutoa taarifa peke yake, watu watadanganya wameuza ili wakwepe kesi na mikopo. Taarifa ninayoiomba haihamishi umiliki. Gari linabaki kwa jina langu mpaka mnunuzi asajiliwe. Kinachoongezeka ni mstari mmoja kwenye rekodi unaosema “mwenye gari ameripoti kuuza tarehe hii, saa hii, kwa mtu huyu”, na huyo aliyetajwa apate ujumbe wa simu akiwa na nafasi ya kukana. Benki iliyokopesha tayari imo kwenye logibuku pamoja na mkopaji, na kuna rejista ya dhamana za mali inayohamishika chini ya sheria ya 2017. Ama mwongo, tarehe aliyoiandika mwenyewe kwenye mfumo wa serikali itakuwa ushahidi wa kwanza dhidi yake. Mahakama ndiyo itakayopima, kama inavyopima sasa makubaliano ya karatasi ambayo yeyote anaweza kuyachapisha jana na kuyatia tarehe ya mwaka juzi.

Mtasema kuna uhamisho wa kulazimisha. Upo, na unamsaidia aliye na gari mkononi akikosa muuzaji. Mimi sina gari. Nimlazimishe nani?

Mtasema mfumo unaboreshwa. Mwaka wa 2023 huduma zenu zilihama kutoka TIMS, mfumo wenu wa mtandaoni wa zamani, kwenda eCitizen. Ilikuwa nafasi nzuri ya kuweka kitufe hiki. Ikija nyingine, isipite hivyohivyo.

Mtasema kuwabana wauza magari kutapandisha bei. Huenda kukaongeza kidogo, sitaki kudanganya. Lakini gharama hiyo ipo leo; inalipwa na mtu mmoja mmoja, kwa mkupuo, asiyejua siku wala saa.

Wala siombi jambo la ajabu. Uingereza, aliyeuza gari anaiarifu mamlaka ya magari kwa mtandao siku ileile, hata kama amemuuzia mwenye yadi, na anapata uthibitisho wake. California, kule Marekani, muuzaji ana siku 5 za kupeleka ilani ya kujiondolea dhima, na anaipeleka mwenyewe. Hukohuko California muuza magari wa rejareja hapati leseni mpaka aweke dhamana ya dola 50,000, ili akiharibu kuwe na kitu cha kuwalipa wateja. Sisemi tuchukue kiasi hicho. Yadi ya Mombasa yenye magari machache si sawa na duka la Los Angeles. Nasema wazo la dhamana linajulikana duniani na halikuua biashara.

Basi, kwa heshima, naomba haya:

(a) Kifungu cha 9 kipewe mahali pake kwenye eCitizen: taarifa ya kuuza inayotolewa na muuzaji peke yake, bila malipo, yenye stakabadhi ya tarehe na saa, na inayoonekana kwa yeyote anayefanya utafutaji wa rekodi. Hili halihitaji sheria mpya. Ndilo ombi langu kubwa. Mkifanya hili tu, nitasema mmenisikia.

(b) Gari linaloingia yadi kwa kununuliwa au kwa kubadilishana liandikwe kuwa liko mikononi mwa yadi hiyo, kwa ada ndogo isiyo ya uhamisho kamili na bila kuhesabiwa kuwa mmiliki mwingine, ili ile hesabu ya biashara niliyoitaja isiwe kisingizio.

(c) Kuwe na leseni ya kuuza magari yenye maana: anwani ya kudumu, dhamana, daftari la magari na la madereva, na orodha ya walioidhinishwa ambayo mwananchi anaweza kuisoma kwa simu kabla hajatoa funguo. Mwenye yadi atakayenyimwa au kufutiwa leseni awe na haki ya kukata rufaa kama mwenye matatu, na mteja aliyedhulumiwa naye awe na mlango wa kupeleka malalamiko usiokuwa mahakama.

(d) Kanuni zikitungwa, maoni yakusanywe Mombasa pia, penye bandari yanakoshukia magari, na si Nairobi peke yake. Sheria ya 2013 ya kutunga kanuni inawataka mshauriane na wanaoguswa.

(e) Mniambie idadi. Chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba kujua ni maombi mangapi ya uhamisho yaliyoanzishwa na wauzaji na hayajakubaliwa na wanunuzi hadi leo, na mangapi kati yake yamepita zile siku 14 za kifungu cha 9. Siombi jina la mtu wala nambari ya gari. Sheria inawapa siku 21 za kujibu, na ombi hili nimelipeleka pia kwa maandishi rasmi ili lisije likasemwa ni kelele za mtandaoni.

Jibu mtakalonipa nitalichapisha hapahapa, likiwa zuri au baya, pamoja na tarehe lililofika.

Wenu mtiifu,

Mfanyabiashara wa soko la Kongowea,
Mombasa